Siku Tisa Katika Makaratasi ya Katharine Hepburn

Siku ya kwanza, Jumatatu. New York

Nimetua New York alasiri, nikitokea Dar es Salaam kupitia Doha, nikiwa na begi moja la nguo na bahasha ya plastiki ambayo sikuitoa mkononi njia nzima. Ndani ya bahasha hiyo mna nakala za maombi niliyoyatuma miezi miwili iliyopita kwa maktaba mbili, moja ya hapa na nyingine ya California, nikiomba kusoma nyaraka binafsi za Katharine Hepburn, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu aliyezaliwa Hartford, Connecticut, tarehe 12 Mei 1907, na kufariki dunia tarehe 29 Juni 2003 akiwa na umri wa miaka 96. Wanaozijua filamu zake humkumbuka kwa tuzo nne za Oscar za mwigizaji bora wa kike, idadi ambayo hakuna mwigizaji mwingine aliyeifikia. Mimi nimemfuata kwa sababu iliyoanzia nyumbani.

Nilizaliwa na kukulia Kigoma, na mjomba wangu alitumia nusu ya maisha yake katika chumba cha injini cha meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, na mwaka 1927 Waingereza waliirudisha kazini kwa jina jipya. Mkasa wake ndio uliompa mwandishi C. S. Forester wazo la riwaya aliyoitoa mwaka 1935, ambayo ilizaa filamu ya The African Queen, na ndani ya filamu hiyo Hepburn ni dada wa mmisionari anayeteremka mtoni na nahodha mlevi, aliyeigizwa na Humphrey Bogart, wakiwa na nia ya kuilipua meli ya kivita ya Wajerumani ziwani.

Hadithi hiyo imewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914 na mto wake umeitwa Ulanga, ingawa Ulanga tunaoujua sisi uko Morogoro na maji yake huishia Rufiji na Bahari ya Hindi, si ziwani. Picha za nje zilipigwa mwaka 1951 katika Mto Ruiki, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Ponthierville katika Kongo ya Wabelgiji na ambao leo ni Ubundu, kisha Uganda, huko Butiaba kwenye Ziwa Albert na penye maporomoko ya Murchison. Mwanamke huyu, kwa hiyo, aliishi wiki nyingi katikati ya watu wanaosema lugha yetu, kwa kuwa Kiswahili husemwa Ubundu na Kisangani. Tangu nilipokuwa sekondari nimetaka kujua ni nini kilichobaki katika karatasi zake, na sasa, baada ya miaka mingi ya kufundisha sanaa za maonyesho, nimepata nauli na muda kwa pamoja.

Siku ya pili, Jumanne. Lincoln Center

Maktaba ya Sanaa za Maonyesho ya New York imejengwa kando ya jumba kubwa la opera la Lincoln Center, na mbele yake kuna bwawa pana lenye sanamu ya shaba ya Henry Moore iliyolala majini. Nilifika kabla milango haijafunguliwa na nikakaa ukingoni mwa bwawa hilo, nikisoma tena mwongozo wa nyaraka, yaani orodha inayomweleza msomaji kila sanduku lina nini.

Ni vizuri nieleze hapa jinsi karatasi hizi zilivyogawanywa, kwa sababu mgawanyo huo ndio uliochora njia ya safari yangu. Hepburn alipofariki, wasimamizi wa mirathi yake walizipeleka karatasi za filamu kwa Akademi ya filamu, ambayo huzitunza katika Maktaba ya Margaret Herrick huko Beverly Hills, na karatasi za jukwaani wakazileta hapa New York. Mavazi yake ya michezo na filamu yalikwenda katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Kent State, jimboni Ohio. Tuzo zake nne ziko Washington, katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri. Samani, michoro na vitu vingine vya nyumbani vilipigwa mnada hapa New York mwezi Juni 2004. Mtu mmoja, basi, amesambazwa katika majimbo na miji, na anayetaka kumsoma mzima hana budi kusafiri.

Chumba cha kusomea kiko ghorofa ya tatu. Taratibu zake ni za ukali wenye upole: begi na koti hubaki nje, kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli hupatikana mezani, na msomaji hufungua jalada moja tu kwa wakati mmoja ili karatasi zisichanganyike na ziendelee kufuatana kama zilivyopangwa. Mtunza nyaraka aliniletea sanduku la kwanza, la rangi ya kijivu, akalilaza mezani taratibu. Nimeona watu wakiweka mtoto kitandani kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Karatasi nilizozipata ni za aina nyingi: barua, mikataba, picha, vipande vya magazeti vilivyobandikwa katika madaftari makubwa, na maandishi ya michezo yenye alama zake mwenyewe. Karatasi yake ya barua imechapwa jina lote kwa wino mwekundu, Katharine Houghton Hepburn. Houghton ni ukoo wa mama yake, aliyepigania haki ya wanawake ya kupiga kura, na binti hakukubali jina hilo lipotee hata baada ya dunia kuzoea kumwita kwa majina mawili tu.

Nimeianza siku kwa makusudi na miaka yake mibaya. Tarehe 26 Desemba 1933 mchezo uitwao The Lake ulifunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maonyesho za New York, na wahakiki wakamponda vibaya. Alikuwa na umri wa miaka 26 na tayari alikuwa nyota wa filamu. Oscar yake ya kwanza, ya filamu ya Morning Glory, ilitangazwa miezi michache baadaye. Mwandaaji wa mchezo huo alitaka kuuzungusha mijini hivyo hivyo, na Hepburn alisimulia baadaye kwamba alimlipa zaidi ya dola 13,000, fedha zote alizokuwa nazo benki, ili amwachilie asiende. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja hadharani kuwa miongoni mwa nyota wasiowaletea watazamaji. Kisha kukaja tarehe 28 Machi 1939, siku The Philadelphia Story ilipofunguliwa katika ukumbi wa Shubert, mchezo ambao Philip Barry aliuandika akimfikiria yeye. Hakudai mshahara, alidai sehemu ya mapato, na haki za filamu zikawekwa mikononi mwake. Mchezo ulionyeshwa mara 417 mjini humu, na Hollywood ilipoutaka ilibidi imchukue na yeye.

Mambo hayo yameandikwa katika kila kitabu kinachomhusu. Ila kuyafuata katika karatasi za wakati wenyewe, ambapo mwaka 1938 hakuna aliyejua kwamba 1939 ungekuja, ni jambo tofauti kabisa. Katika kitabu msomaji anauona mlima na anajua njia inaushukia upande wa pili. Katika jalada anapanda na waliokuwa wakipanda.

Siku ya tatu, Jumatano. Lincoln Center

Leo nilimwomba mtunza nyaraka majalada ya Shakespeare, na sikuondoka mezani hadi kengele ya kufunga.

Watu wengi hawajui kwamba Hepburn aliucheza Shakespeare mara kwa mara katika kipindi cha miaka kumi, katika umri ambao nyota wenzake wa kike walikuwa wakilalamika kwamba Hollywood imewaacha. Tarehe 26 Januari 1950 alitokea Broadway kama Rosalind katika As You Like It, baada ya kufundishwa kwa muda mrefu na mwigizaji mkongwe Constance Collier. Mwaka 1955 alizunguka Australia kwa miezi kadhaa na kundi la Old Vic la London, pamoja na Robert Helpmann, akicheza The Taming of the Shrew, Measure for Measure na The Merchant of Venice. Mwaka 1957 alimrudia Portia, mwanamke wa The Merchant of Venice, huko Stratford, Connecticut, na mwaka 1960 akamcheza Viola na Cleopatra hapo hapo.

Nilipolifungua jalada lenye maneno ya Portia nilibaki kimya kwa muda. Kizazi changu kilimjua mwanamke huyu kwa Kiswahili, ndani ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, na Mwalimu alifanya uamuzi mzito tangu ukurasa wa jalada kwa kumgeuza mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare kuwa mabepari wengi. Darasani tuligawana sehemu. Mimi nilipewa mtumishi mwenye maneno machache, na nikayakariri ya Portia kwa kuyasikia tu. Sasa nimekaa mbele ya karatasi za mwigizaji aliyeyasema maneno hayo hayo kwa Kiingereza Sydney na Melbourne, miaka 14 kabla Mwalimu hajayatoa kwa Kiswahili, na penseli yake imepita chini ya mistari ile ile ambayo mwalimu wetu alikuwa akitusimamisha na kutuambia tupumue.

Alama za mwigizaji katika maandishi ya mchezo hazifanani na za mhakiki. Mhakiki hutia alama penye maana. Mwigizaji hutia alama penye pumzi, penye hatua, penye neno ambalo ulimi wake umelikwaa jana usiku. Nimewaeleza wanafunzi wangu jambo hili mara nyingi bila kuwa na kitu cha kuwaonyesha, na leo nimenakili kurasa nne kwa mkono, na alama zake zote, ili nirudi nazo.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini karatasi za jukwaani zina uzito ambao za filamu hazina. Filamu hujihifadhi yenyewe. Anayetaka kumwona Hepburn wa mwaka 1940 ataketi na kumtazama, sauti na uso, kama alivyokuwa. Rosalind wake haonekani, Portia wake haonekani, Cleopatra wake amekwisha. Taa zilipozimwa, mchezo ulikwenda na waliouona. Hifadhi ya kurekodi michezo ya jukwaani, ambayo imo katika jengo hili hili, ilianzishwa mwaka 1970, na kwa hiyo miaka yake yote ya Shakespeare ilipita bila hifadhi hiyo. Kilichobaki ni penseli juu ya karatasi, picha zilizoganda, ratiba za mazoezi, hesabu za tiketi na barua za watu walioketi ukumbini. Ndiyo maana namshukuru kwa moyo wote yeye aliyeyaweka mambo haya badala ya kuyatupa, kwa maana wenzetu wengi wa jukwaani nyumbani wamekufa na michezo yao, na ukiuliza familia utaambiwa makaratasi yalichomwa walipohama nyumba.

Siku ya nne, Alhamisi. Lincoln Center na Mtaa wa 49

Nusu siku niliitumia kwa Coco, mchezo wa nyimbo kuhusu mbunifu wa mavazi Coco Chanel, uliofunguliwa tarehe 18 Desemba 1969 katika ukumbi wa Mark Hellinger. Hepburn alikuwa na umri wa miaka 62 na hakuwa mwimbaji. Alijifunza kuimba kama mtoto anavyojifunza kusoma, kila siku, na mchezo huo ukawa miongoni mwa mafanikio makubwa ya msimu ule. Nilipenda kuona ni kazi kiasi gani inayojificha nyuma ya wepesi unaoonekana jukwaani.

Kisha nilipitia karatasi za miaka ya mwisho, na hapo mwandiko wenyewe ulinisimulia habari. Mwandiko wa ujanani ni mkubwa, umelalia upande, una haraka ya mtu anayesubiriwa na gari. Katika uzee alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka kichwa na mikono, ambao alieleza kwamba aliurithi kwa babu yake, na herufi zimeingia mawimbi. Hata hivyo aliendelea kujibu barua. Nimekaa na barua ya namna hiyo mbele yangu nikihesabu ni mara ngapi penseli ilinyanyuliwa kabla ya neno moja kwisha.

Sikuomba majalada yanayomhusu Spencer Tracy, mwenzi wake wa miaka mingi aliyefariki mwaka 1967. Nilikuja kwa ajili ya kazi yake, na mlango huo nimeuacha umefungwa.

Jioni nilitembea hadi Mtaa wa 49 upande wa mashariki, kwenye nyumba ya matofali namba 244 alimoishi kwa zaidi ya miaka 60. Ni nyumba nyembamba, yenye ghorofa, iliyobanwa na wenzake. Sehemu kubwa ya maisha niliyoyasoma siku hizi tatu ilipita nyuma ya madirisha hayo. Mitaa miwili kusini, karibu na Umoja wa Mataifa, kuna bustani ndogo yenye jina lake iliyofunguliwa mwaka 1997, naye akiwa hai. Nilikaa humo hadi giza lilipoingia.

Siku ya tano, Ijumaa. Old Saybrook, Connecticut

Nilipanda treni asubuhi kufuata pwani hadi Old Saybrook, mji mdogo unaokutana na Mto Connecticut penye mdomo wake. Katika kitongoji cha Fenwick familia ya Hepburn ilikuwa na nyumba ya mbao ufuoni, na tarehe 21 Septemba 1938 kimbunga kikubwa kiliipiga pwani hii. Hepburn alikuwa humo. Alitoka na mama yake na wengine kupitia dirishani na majini hadi penye mwinuko, na nyumba ikaondoka na bahari. Baadaye walichimba mchangani wakipata vijiko na vyombo vya fedha. Familia ilijenga nyumba mpya ya matofali mahali pale pale, na humo ndimo alimofia miaka 65 baadaye.

Nimekuja kwa sababu kila hifadhi ina shimo lake, na shimo la hifadhi hii nataka kulitazama kwa macho. Karatasi zilizokuwa ndani ya nyumba ile hazikurudi. Tunachokisoma leo kuhusu ujana wake ni kile kilichokuwa kimelala kwingine siku ile, katika droo ya New York au kwa mtu aliyepokea barua. Upepo ulikuwa mwepesi, bahari imetulia kama ziwa letu saa ya alfajiri, na nyumba zenyewe ni za watu binafsi, hivyo nilizitazama kwa mbali na kurudi.

Mjini, jengo la zamani la halmashauri limegeuzwa ukumbi wa maonyesho wenye jina lake tangu mwaka 2009, na ndani yake kuna chumba kidogo cha makumbusho. Mzee anayekilinda aliniuliza nimetoka wapi, na nilipomweleza kuhusu Kigoma na Liemba aliniomba nisimulie yote tangu mwanzo. Nikasimulia.

Siku ya sita na ya saba, Jumamosi na Jumapili. Njiani, kisha Los Angeles

Safari ya ndege ya muda wa saa sita kukatiza bara zima. Jumapili nilifua nguo, nikayapanga maandishi yangu, nikakisoma upya kitabu chake cha mwaka 1987 kinachosimulia upigaji wa The African Queen, alichokiandika miaka 36 baada ya safari yenyewe.

Siku ya nane, Jumatatu. Beverly Hills

Maktaba ya Margaret Herrick imo katika jengo la mwaka 1928 lililokuwa mtambo wa kusafisha maji ya mji, lenye mnara wa mtindo wa Kihispania. Akademi ilihamia humo mwaka 1991. Hapa pia ni penseli, kabati la kufuli kwa begi, na miadi iliyowekwa mapema. Nilionyesha pasipoti yangu, nikapewa kiti karibu na dirisha.

Nimekwenda moja kwa moja kwenye mwaka 1951.

Nieleze kwanza safari ilivyokuwa, kwa msomaji asiyeijua. Mwongozaji John Huston aliuchagua Mto Ruiki kwa sababu maji yake ni meusi na miti imeinama juu yake. Kambi ilijengwa Biondo, vibanda vya mianzi na makuti vilivyosimamishwa na wenyeji, na usiku mmoja siafu waliivamia. Kamera za rangi za wakati huo zilikuwa kubwa kama kabati, hivyo mashua ya hadithi ilibidi ivute msafara wa chelezo: moja la kamera, jingine la taa na jenereta, jingine la Hepburn kubadilishia nguo. Mashua yenyewe ilizama na ikabidi ivutwe juu kwa nguvu za watu. Uganda, walipokuwa wakiishi ndani ya meli ya zamani, karibu kila mtu aliugua kwa sababu ya maji, isipokuwa Huston na Bogart ambao walikuwa wakinywa wiski. Hepburn, mtoto wa daktari na mwenyewe aliyewahimiza wenzake wanywe maji, aliugua kuliko wengi. Mandhari ya kanisa inayofungua filamu, ambamo anapiga kinanda, aliicheza akiwa na ndoo kando yake kwa ajili ya kutapika. Mandhari ambazo waigizaji waliingia majini zilipigwa baadaye studioni Uingereza, kwa kuogopa kichocho.

Kuna jambo lililotokea kazini ambalo kila mwanafunzi wa uigizaji angepaswa kulijua. Hepburn alianza kumcheza Rose, yule dada wa mmisionari, kwa uso mzito wa huzuni, na Huston alimwendea kibandani akamshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akiwatembelea askari waliojeruhiwa na kuwapa tabasamu lake la heshima. Alisema baadaye kwamba ulikuwa mwongozo bora kuliko wowote aliowahi kupewa. Ukiitazama filamu baada ya kulijua hilo unaona jinsi tabasamu moja lilivyombeba mhusika mzima hadi ziwani.

Asubuhi yote nilisoma, alasiri nilitazama picha. Katika picha nilizopewa leo yumo Hepburn mwenye kofia pana, yumo Bogart, yumo mkewe Lauren Bacall aliyefuatana nao na kusaidia kupika. Na nyuma yao, karibu kila mahali, wamo watu wetu: wanaume waliosimama majini hadi kiunoni wakiishika kamba ya chelezo, wengine wamebeba masanduku kichwani, wengine wameketi ukingoni wakitazama kamera kwa utulivu ambao mwigizaji husomea miaka kuupata. Nilikaa na nyuso zao kwa saa mbili. Mmoja aliyeshika kamba ana kipara na fulana yenye tundu begani, na anacheka na mtu aliye nje ya picha. Nimemwandikia maelezo marefu katika daftari langu, mavazi, mahali aliposimama, mkono ulioishika kamba, ili mtu wa Ubundu atakayeyasoma siku moja aweze kusema huyu ni babu yetu.

Siku ya tisa, Jumanne. Beverly Hills

Karatasi za John Huston nazo zimo katika jengo hili hili, na leo niliomba zote mbili, zake asubuhi na za Hepburn mchana. Ni bahati ambayo watafiti huiota: mwongozaji na mwigizaji wamelala katika masanduku yaliyo chini ya paa moja, na msomaji anaweza kuilinganisha kazi ile ile kwa macho ya aliyeiamuru na ya aliyeitenda. Huston hufikiri kwa mto, kwa boti, kwa siku zilizopotea na fedha zinazokwisha. Hepburn hufikiri kwa mtu, kwa nani amelala vibaya, nani ameudhika, nani ni hodari.

Na kwa haki yake lazima niseme hili. Katika kitabu chake amemtaja kwa jina, jina la mbele na la ukoo, mwanamume wa Kikongo aliyemtunza kule Biondo, aliyemchemshia maji na kuziangalia nguo zake. Silitangazi jina hilo hapa kwa kuwa sina idhini ya jamaa zake. Lakini lipo, limechapwa, na aliyelichapa hakuwa na haja ya kulikumbuka baada ya miaka 36.

Nilirudisha sanduku la mwisho saa kumi na moja kasoro, nikaitoa penseli yao mfukoni na kuiweka juu ya meza. Usiku, saa tatu za huku, nilimpigia mjomba simu Kigoma, ambako ilikuwa saa moja asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Habari za huko kwa watu?"

"Nzuri. Leo nimemaliza."

"Hao waliosukuma boti, umewakuta humo?"

Nilimweleza picha zote moja moja, yule mwenye fulana yenye tundu begani, walioshika kamba, waliobeba masanduku. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama alivyozoea kuisikiliza injini. Kisha nikamwambia kuhusu mwanamume wa Biondo aliyeandikwa kwa jina lake. Aliniomba nilitaje. Nikalitaja. Akaniomba nilirudie polepole, nikalirudia, na upande wa pili wa simu nikamsikia akilitamka mwenyewe, mara mbili, la mbele na la ukoo.